Meko ya Hunydd Chini ya Ngome

Hunydd alikuwa mjane mfupi mwenye ulimi mkali. Mumewe alimwachia mtoto mmoja, Goronwy, na shamba kando ya mto, kwenye mpaka wa Wales na Uingereza. Wanormani, waliokwisha kuiteka Uingereza, walipovuka mto na kuamua kujenga ngome yao, mnara wa mbao juu ya kilima cha udongo, hapo hapo penye nyumba yake, majirani walifungasha wakakimbilia milimani. Hunydd naye alimpeleka mtoto huko kwa wajomba zake, akarudi peke yake.

Kwetu Wales, jiwe la meko likishawekwa haliruhusiwi kung'olewa; likitoka, haki ya shamba imetoka nalo. Kila jioni moto hufunikwa kwa majivu usife, na mtoto anayekuja kuufunua moto wa baba yake ndiye mwenye shamba. Mnormani angeyajulia wapi hayo?

Nyumba ilibomolewa mchana kweupe, likabaki jiwe.

"Ling'oeni," akaamuru Warin, msimamizi wa ujenzi.

"Thubutu!" Hunydd akalikalia. "Ning'oeni na mimi, muone kama mimi ni mwepesi!"

Wenye majembe wakaangua kicheko. Warin akaiva kwa hasira. "Haya mama, baki na jiwe lako. Mwageni udongo hapo hapo, mpaka juu!"

 Hunydd akainuka, akayafunika makaa kwa majivu, taratibu, kama jioni zote. Kisha akatwaa kapu, akawa wa kwanza kumwaga udongo.

"Shemeji, umerukwa na akili?" akanong'ona Ednyfed, ndugu wa marehemu, aliyebebeshwa udongo kwa nguvu. "Unaizika nyumba ya kaka yangu?"

"Beba, acha maneno. Lingeng'olewa tungekwisha. Huyu bwege ananifunikia moto."

Alibeba udongo kiangazi kizima, mgongo ukapinda. Aliwachukia watu wale kwa moyo wake wote, wala hakuficha. Kila Warin alipopita alimpigia kelele: "Ongeza, bwana! Moto wangu unasikia baridi!"

Miaka kumi na sita baadaye watu wetu waliuchoma mnara wa mbao, Wanormani wakakimbia. Kilima kikabaki. Goronwy, sasa mwanamume mwenye ndevu, alimpandisha mama yake mgongoni hadi juu, mbele ya mwamuzi wa ardhi, akadai shamba.

"Meko ya marehemu baba yako yapo wapi?"

Hunydd akakanyaga udongo. "Hapa chini."

"Chini ya kilima kizima, mama?"

"Kwani sheria imesema majivu yasizidi kiasi gani?"

Mwamuzi akasogea kando. Goronwy akatemea viganja mate, akapiga jembe la kwanza.