Mwalimu wa Gofu Aliyekosa Mpira Mbele ya Wageni

Jina la Taratibu alipewa na wanafunzi wake, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Aliingia klabuni kubeba mabegi ya wachezaji, akaudaka mchezo kwa macho, na mwishowe wakampa kazi ya kufundisha wanaoanza. Aliifanya kwa miaka ishirini na tatu. Wachezaji wazuri hawakuwa wake. Wake walikuwa wale waliokuja na glovu mpya na kuchimba majani kama wanatafuta maji.

Somo lake la kwanza halikuwa na mpira. Alimpa mtu fimbo na kumwambia aishike kama mkono wa mtoto mnapovuka barabara: asimponyoke, ila asimlize. Kisha miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, uzito usilalie visigino. Fimbo iinuliwe taratibu. Jicho libaki pale mpira ulipokuwa hata ukishaondoka, maana anayewahi kutazama mpira umefika wapi, alisema, huukuta haujaenda popote.

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba cha kulia. Alidhani ni uchovu. Mwaka ulipopita, mkono mzima ukawa unatetemeka ukiwa umetulia tu, naye akajizoeza kuuweka mfukoni. Mkewe, fundi cherehani, alimwona asubuhi akipigana na vifungo vya shati. Alivitoa vyote akashonea zipu mashati yote manne, naye Taratibu akayavaa bila kuuliza. Hivyo ndivyo walivyolizungumza jambo hilo kwa miezi mingi.

Aliyelitamka alikuwa mwanafunzi wake, nesi mstaafu, mjane aliyeachiwa fimbo na marehemu mumewe na hakutaka zishike kutu stoo. Siku moja Taratibu alipokuwa akimpanga vidole, nesi alimshika kifundo cha mkono na kutulia nacho.

"Mwalimu, huu mkono umeanza lini?"

"Uzee tu huo, Mama."

"Nimewauguza wazee miaka thelathini. Huu si uzee. Nenda hospitali wiki hii, usiseme utaenda."

Alienda. Daktari alimweleza kwamba ni maradhi ya neva, hayaponi, ila kuna vidonge vya kuyachelewesha. Jioni alimwambia mkewe. Mkewe alisimamisha cherehani, akasema alijua siku nyingi kwamba haikuwa uchovu. Taratibu alimwomba nesi asilifikishe klabuni; ilibaki miaka miwili astaafu. Nesi alikubali shingo upande.

Mwaka huo klabu ilifungua uwanja mpya wa mazoezi. Katibu alitaka Taratibu awaonyeshe wageni namna ya kupiga. Taratibu alijaribu kukwepa, akasema apewe kijana, lakini katibu alicheka na kumwambia aache unyenyekevu. Siku yenyewe alimeza kidonge mapema. Hotuba zikarefuka, na alipoitwa nguvu ya dawa ilikuwa imekwisha.

Alisimama. Miguu ilikaa vizuri, magoti pia. Fimbo ilitetemeka nyuma ya mpira. Pigo la kwanza lilipita juu. La pili lilichota udongo. La tatu halikugusa kitu. Hapo mtu mmoja nyuma akacheka, akidhani mzee anawaigiza wanaoanza, na kicheko kikasambaa viti vyote. Watu walipiga makofi. Nesi peke yake alikuwa ameinamisha uso.

Taratibu aliuona mwanya akaupitia. Aliwaambia kwamba hayo ndiyo makosa matatu watakayomletea: kuinua kichwa, kulalia visigino, kubana fimbo. Wakashangilia zaidi.

"Haya, sasa tuonyeshe lililo sahihi," katibu akasema.

"Siwezi, Bwana Katibu."

Wakacheka tena. Kadiri alivyosema kweli, ndivyo walivyofurahi. Alirudia kwa sauti ya chini kwamba hawezi, na mkono ukaanza kuruka pembeni ya mwili wake wazi mbele ya kila mtu. Kicheko kilikatika safu kwa safu. Nesi aliinuka, akampokea fimbo, akampeleka kwenye kiti.

Jumatatu katibu alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alimfungia mlango, akamvutia kiti, na kuzungumza akiitazama meza. Alisema mwalimu asiyeweza kutuliza fimbo anaweza kumuumiza mtu. Taratibu alijibu kwamba angemwambia mwanafunzi wake vivyo hivyo. Akakabidhi ufunguo wa kabati.

Nesi hakukubali kufundishwa na mwingine. Kila Jumatano alimwingiza klabuni kama mgeni wake, akamketisha kando kwa umbali wa salama, naye akamwelekeza kwa maneno: legeza bega, umeharakisha, geuza kiuno. Miezi mitano walienda hivyo, na nesi akaanza kupiga mpira ukanyooka.

Kisha ugonjwa ukashuka kwenye sauti. Jumatano moja alimwambia jambo, nesi hakusikia. Akasogea, akainama, Taratibu akarudia, bado ilikuwa pumzi tu. Nesi aliona haya kuuliza tena. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa, akarudi kwenye mpira, akapiga. Ulienda kombo, ukaishia vichakani.

Taratibu alikuwa amemwona anavyoitikia bila kusikia. Wiki iliyofuata mkewe alipiga simu kusema hatakuja, na nesi hakuuliza sababu.