Siku Nilipotubu Mbele ya Wachambua Kahawa

Aibu hii ningeificha, lakini imeshafika hadi sokoni Kiboriloni, basi heri muisikie kwangu mwenyewe.

Nilikwenda kuomba kazi. Ndiyo, mimi, bibi wa wajukuu tisa, wa darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Mjukuu wangu Happy aliniambia kuna kampuni ya kukaanga kahawa pale Moshi mjini haiulizi cheti wala umri, unachambua nao kahawa siku moja, jioni wafanyakazi wenyewe wananyoosha mikono, wakikutaka unabaki. Nyumbani walicheka. Nikasema naitaka kazi hiyo na nitaipata (nimechoka kuambiwa nipumzike, kana kwamba mimi ni kigoda).

Sasa kule asubuhi wana utaratibu wao, wanasimama duara, kila mtu anataja kosa lake, hakaripiwi, anapigiwa makofi. Kijana mmoja akasema alisahau kuzima taa. Makofi. Binti akasema alichelewa. Makofi. Nikajiambia, haya ni makosa ya watoto, mtu mzima atoe la mtu mzima, wajue leo wamepata mtu. Nikapiga magoti (yalikwenda yenyewe, mazoea ya kanisani), nikafanya ishara ya msalaba, nikasema kwa sauti kwamba miaka yote nilikuwa nainyunyizia maji kahawa yangu kabla ya kuipeleka kwenye mizani, iwe nzito, na wanunuzi hawakunishika hata mara moja.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Bibi," akasema msimamizi wao, Neema, taratibu, "wanunuzi ndio sisi."

Mwingine angechukua mtandio wake akaondoka. Mimi nikainuka, nikajifuta vumbi, nikamwambia, "Basi mmepata anayejua. Nipeleke kwenye magunia, nikuoneshe lililonyunyiziwa."

Yalikuwepo yaliyoletwa asubuhi ile. Nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, la kwanza kavu, la pili kavu, la tano nikanusa vidole nikasema, "Hili." Wakaleta kipimo chao cha unyevu, kikasema kama mimi. Hapo makofi yakaja, nami nikavimba, mpaka Neema aliposoma kikaratasi cha mwenye gunia.

Aloisi. Mwanangu wa kumzaa.

"Unamfahamu, bibi?"

Ningeweza kukana, na kazi ningeipata vilevile. "Nimemzaa," nikasema, "na hayo maji nilimfundisha mimi. Mrudishieni akaanike upya."

Jioni mikono ilinyooshwa yote. Gunia nalo likapanda mlima kurudi nyumbani, na Aloisi akakaa wiki mbili bila kunipa shikamoo, mkewe ananiachia chai mlangoni kama mgonjwa wa kuambukiza.

Kazi ninayo, na hakuna gunia linaloingia pale kabla sijalishika. Lakini nimeapa: siku hizi zamu yangu ikifika kwenye lile duara, nasema jana nilizidisha chumvi kwenye ndizi, nanyamaza.