Ngumi ya Mpiga Mizinga

Jirani yangu hapa Shinyalu, mpiga mizinga mstaafu wa meli ya kivita, husukuma kuni mekoni kwa ngumi. Ndivyo walivyosukuma makombora, maana mlango wa mzinga ukijifunga hukata vidole vilivyonyooshwa. Jana, akiwa jikoni kwangu, gesi yangu ilikataa kuwaka, nikachukua njiti ya pili ya kiberiti. Alinishika mkono, akanivuta hadi uani.

"Kombora likikataa kutoka, tulikuwanga tunangoja nusu saa," alisema polepole.

"Mzee, hii ni gesi tu."

"Mwenzangu Makokha alifungua mzinga mapema. Alisema kombora limekufa."

Nusu saa nzima hakutazama saa. Alitazama mlango wa jikoni, kana kwamba kuna mtu bado yumo ndani.