Tupa Iliyogeuka Kisu cha Idi

Mume wangu Luqmani hana habari na vitu laini. Mbao zinamchosha, bati analidharau. Mpe tupa kuukuu ya kunolea, ile ngumu ambayo ukiikata kwa msumeno meno ya msumeno ndiyo yanayokwisha, hapo utamwona akiigeuza kisu, anacheka peke yake nyuma ya jiko letu hapa mtaani Mukendo. Mwaka wa kumi na moja huu naishi na kelele za grenda, mashine yake ya kusagia chuma, na bado nasikia.

Mwaka huu tulichanganyikiwa kwa furaha. Alawi, mchinjaji wa msikiti wetu, aliagiza kisu cha Idi kubwa! Alawi huyo huyo aliyezoea kusema visu vya mafundi wa nyumbani ni vya kumenyea viazi.

"Luqmani, visu vyenu vinakwamaga," alisema. "Kikikwama shingoni mwa ng'ombe, nakurudishia pale pale, mbele ya watu."

Na si aibu tu. Kumtesa mnyama wa ibada ni dhambi.

Luqmani akachukua tupa ndefu, akaikaanga kwenye mchanga wa moto, ndani ya sufuria yangu ya pilau, Mungu anamwona, hadi ikawa na rangi ya majani makavu. Hivyo haivunjiki ovyo. Kisha akaipeleka kwenye grenda aliyoifunga mezani. Cheche zikaruka hadi nikapiga makofi. Kila akigusa kidogo, anachovya kwenye ndoo ya maji, maana chuma hicho kikishika joto kikageuka bluu, ugumu umetoka. Utakinoa asubuhi, mchana ni butu.

Siku moja kabla ya Idi, kisu kikiwa karibu kukamilika, simu ikalia. Alawi anauliza kama kiko tayari. Luqmani akapokea kwa mkono mmoja, ule mwingine ukaendelea kukandamiza kisu kwenye jiwe la grenda.

"Tayari kabisa, bwana!" akajibu kwa mbwembwe.

Alipotazama chini, makali yalikuwa na doa la bluu, upana wa kidole.

"Piga msasa," nikamwambia. "Doa litatoka. Nani atajua?"

"Ng'ombe atajua, mama Kudura."

Nilimkasirikia na kumpenda kwa wakati mmoja. Akapanda gari la kwenda Bunda, akaomba tupa nyingine kwa rafiki yake Gody, fundi magari, na saa nane mchana alikuwa amerudi, anaanza upya. Safari hii simu aliniachia mimi, nami nikaizima.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, wanaume walijaa uwanjani. Mimi nilichungulia juu ya ukuta wa jirani. Ng'ombe akalazwa. Alawi akataja jina la Mungu, mkono ukapita mara moja tu.

Akakitazama kisu, akamtazama Luqmani. Akakifuta vizuri, akaita, "Mleteni wa pili!"

Nikapiga kigelegele mbele ya wanaume wote wale, na sijutii.