Tairi Nne za Ardis

Huku kwetu kaskazini mwa Michigan, theluji ikikaribia, wanaume hupeleka pikapu zao kwa Dale Ketola. Naye hufunga tairi za theluji mbili za nyuma, za mbele huziacha zile zile za kiangazi, kisha hupakia mifuko ya mchanga kwenye bodi kuongeza uzito. Basi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari, sasa mpira mzuri uende mbele kufanya nini? Ndivyo walivyofanya baba zetu, na ukihoji utaambiwa umetoka mjini.

Ardis Rautio alihoji. Ni jirani yangu, mpishi wa shule aliyestaafu, na ukimkaribisha kahawa atataka kujua maji umeyachota wapi. Lakini safari hii alikuwa na lake. Mumewe, Reino, aliacha njia kwenye kona ya kijito msimu wa baridi uliopita, akagonga mti, akafa. Sote tulisema alikuwa anakimbiza. Dale, rafiki yake wa kuoga mvuke pamoja kwenye sauna tangu ujana, alilisema kwa sauti kuliko wote. Ardis alikuwa ameishi na mtu aliyepitwa hata na gari la taka, na maneno yetu yalikataa kumwingia akilini.

Alikuwa amenunua pikapu nyingine ya namna ile ile aliyokuwa nayo Reino. Nilimkuta nayo gerejini kwa Dale.

“Mbili za nyuma, shemeji, kama kawaida?” Dale akamuuliza.

“Ngoja kwanza. Za mbele kazi yake nini?”

“Kukata kona.”

“Zitakataje na mpira wa kiangazi?”

“Ah, shemeji! Wewe endesha taratibu tu, utafika.”

Ardis akatoka nje, kwenye tairi zilizolala kwenye baridi. Akabonyeza moja ya theluji kwa ukucha, ikabonyea. Akabonyeza ya kiangazi, baridi ilikuwa imeifanya ngumu kama kisigino cha kiatu, isiyoweza kushika barafu. Nami nikajaribu, maana udadisi unaambukiza. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuzigusa.

“Haya, papaseni vizuri,” Dale akacheka. “Mkimaliza mzinuse, mjue kama zimeiva.”

“Nifungie hizo mbili za nyuma,” Ardis akasema. “Halafu twende uwanja wa kanisa, sote watatu. Uendeshe wewe.”

Uwanja ulikuwa mtupu, theluji mbichi juu ya barafu. Tulibanana kwenye kiti kimoja, mimi katikati na magoti yangu kidevuni.

“Nenda mwendo wa Reino,” Ardis akamwambia.

Dale aliujua mwendo huo. Alikwenda polepole hivi kwamba ningeweza kushuka nikatembea kando yake. Nyuma ilishika vizuri kabisa.

“Mnaona? Inavuta kama farasi!”

“Kata kushoto.”

Dale akakata usukani. Pua ya gari ikaendelea mbele, bila haraka, kama haikusikia. Akazidisha, akakanyaga breki, ikaendelea tu mpaka ikajichomeka kwenye lundo la theluji. Nilicheka. Nikaona nacheka peke yangu.

“Tena,” Ardis akasema.

Akarudi nyuma, akajaribu tena. Magurudumu ya nyuma yakasukuma kwa nguvu, ya mbele yakateleza kama yamepakwa sabuni, tukaingia kwenye lundo lile lile. Dale akaondoa mikono kwenye usukani.

“Hakuwa anakimbiza,” akasema.

Ardis akamgeukia.

“Mimi ndiye niliyemfungia zile mbili, shemeji.”

“Najua. Ulimfungia alichotaka. Sasa mimi nifungie nne.”

Alimfungia nne, nyembamba, maana Ardis alikuwa amekwisha kuuliza kwa nini pana hupanda juu ya theluji badala ya kuikata. Tuliporudi uwanjani, pua iligeuka kila alipoiambia. Ardis aliizungusha na kuizungusha, amekunja uso, kama mtu anayeonja mchuzi.

Jumapili, baada ya ibada, tukiwa na kahawa na mkate wa iliki, Dale alisimama katikati ya ukumbi. Ni mtu asiyependa kusimama mbele za watu.

“Reino alikuwa anakwenda polepole,” akasema. “Nimeendesha mwenyewe, nimeona. Niliyoyasema, nilisema uongo bila kujua.”

Ardis akaweka kikombe chini, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, mbele yetu sote tuliokuwa tumemwambia mumewe alijiua kwa mbio zake.