Ule Mwanamuke Mwenye Alitaka Jina ya Mama Yangu

Cheka kama unataka kucheka. Weye haukuwa pale, miye nilikuwa. Hii maneno ilinifika miye mwenyewe, saa tisa ya muchana, mu njia ya kutoka Kabuta kuingia Kashikishi. Sikuwa nimekunywa kitu, sikuwa na homa.

Miye ni muzaliwa wa Pweto, ngambo ya Congo. Vita ilitufukuza nikiwa na miaka saba. Tulivuka ziwa na mutumbwi, mama na miye. Baba alibakia nyuma na hatukusikia habari yake tena. Mama alikufa mu kambi ya bakimbizi huku Zambia, kabla sijafika miaka nane. Kambi ilifungwa, hata kaburi yake sijue iko fasi gani. Foto sina. Ndugu sina. Kwetu yote ilikuwa mu kichwa yangu tu, unasikia? Kila wakati wa kulala nilikuwa narudilia: mulango yetu ya bleu, baba kwa meza anatengeneza radio za bantu, kuku yetu mweupe yenye ilikuwa inalala mu sufuria. Njo vile nilikomea mpaka kuwa mukubwa. Hapa bananiita Bana Mutale, mama ya Mutale, bibi ya muvuvi, na ni kweli. Lakini chini ya ile jina kulikuwa mutoto wa Pweto, na ni ule mutoto alinifanya nisikufe.

Bon. Ile siku nilitoka Kabuta kununua chisense, ile samaki ndogo ya kukausha, gunia mbili juu ya baisikeli. Mvua ikapiga ya nguvu. Nikakimbilia barza ya kanisa moja kando ya njia. Mwanamuke mumoja alikuwa amekaa pale. Kitenge yake ilikuwa kavu, na vumbi ilikuwa kwa vidole vya miguu. Nikafikiri alifika mbele ya mvua. Umri wangu hivi. Sura? Nikuambie nini? Ilikuwa sura ya mutu yeyote.

Akaniangalia, akapiga mikono. "Yo! Mutoto wa Pweto! Haunikumbuke?"

Amini vile nakuambia, moyo wangu uliruka. Miaka yote ile hakuna mutu hata mumoja alikuwa ameniita vile. Sikumukumbuka hata kidogo. Lakini utamwambia mutu wa kwenu kwa macho yake kama haumujue? Haya ilinishika. Nikasema, "Ndiyo, dada, nakukumbuka."

Ule uongo njo ulimufungulia.

"Tulikuwa majirani," akasema. "Nyumba yenu… ee, ilikuwa ya namna gani? Nikumbushe."

Nikamwambia mulango. Nikamwambia kuku, tukacheka sana. Nikamwambia baba na radio zake, vile alikuwa anaziongelesha sawa bagonjwa. Alikuwa anasikiliza na mudomo wazi kidogo, sawa mutu anangoja kulishwa. Alafu naye akaanza:

"Kweli, mulango yetu ilikuwa ya bleu. Kwa chini rangi ilitoka, sababu kuku yetu ilikuwa inadonoa pale."

Yetu? Na ile rangi ya chini, miye sikuisema. Nikataka kuangalia mulango mu kichwa yangu, nione kama ni kweli. Hakukuwa mulango. Neno "mulango" nilikuwa nalo, neno "bleu" nilikuwa nalo, juu nilitoka kuyasema. Lakini kuona, hapana. Nikamutafuta baba. Nikakuta meza tu. Alafu na meza ikaisha.

Nikamwangalia ule mwanamuke vizuri. Kwa kidevu yake kulikuwa kovu ndogo. Wakati nilifika, hakuwa nayo. Nikaweka kidole kwa kidevu yangu: kovu ni ileile, upande uleule.

"Na mama," akasema, sauti polepole. "Mu mutumbwi alikuambia nini? Na jina yake? Nikumbushe jina yake, dada yangu."

Hasira ikanipanda. "Si ulikuwa jirani? Sema weye. Mama aliitwa nani?"

"Nimesahau kidogo. Anza tu, miye nitamalizia."

"Hapana."

"Unanikatalia miye, mutu wa kwenu?"

"Nakukatalia."

Akalia. Machozi ya kweli, nakuambia. "Unajua kuishi bila mutu hata mumoja mu kichwa ni namna gani? Weye uko na bwana, uko na mutoto. Huyu mama alikufa zamani. Unafanya naye nini? Nipatie."

Nisikudanganye, nilimuhurumia. Mudomo wangu ulitaka kufunguka. Akaona vile, akasimama karibu na miye, na machozi ikakauka mara moja. "Nyumba hauna tena," akasema. "Baba hauna. Niko nao miye. Sasa weye ni nani?"

"Miye ni mutoto wa mwanamuke mwenye hautajua jina yake!" nikamwambia. "Nyumba umekula, shiba. Baba umemukula. Huyu hapana. Huyu alinivusha ziwa. Haumukuli mbele yangu!"

Nikakamata baisikeli, nikaingia mu mvua. Akanifuata. "Nikumbushe! Nikumbushe!" Nyuma ya mugongo yangu, kilometa nzima. Niliuma midomo mpaka damu, juu niliogopa jina itatoka yenyewe. Wakati nilifika kwa bantu ya soko, sauti ikakatika. Sikugeuka.

Nyumbani bwana yangu alikuwa anashona nyavu. "Bana Mutale, kuna nini?"

"Niambie," nikasema. "Kwetu Pweto, mulango yetu ilikuwa ya namna gani?"

Akacheka. "Si ya bleu? Na kuku ilikuwa inalala mu sufuria. Umenichosha na ile kuku miaka kumi!" Alafu akaona sura yangu. Akaweka nyavu chini. Akaniambia yote yenye nilikuwa nimemwambia, mpaka ubwali, ile ugali ya huku, ukaungua kwa moto na hakuna mwenye alisimama.

Ile bintu ya mu kichwa haijarudi. Ninaisikia kwa mudomo wa bwana yangu sawa habari ya mutoto wa jirani. Lakini ninaipokea, kwani itakuwa ya nani?

Miaka ine imepita. Kila siku ya Mungu, tukitoka kanisani, ninamwambia Mutale habari ya nyanya yake: jina, ile mutumbwi, maneno yenye alinisemea katikati ya maji. Nilikuwa naogopa kusema kutaniondolea. Hapana! Nimesema mara nyingi, na mama bado iko pale, amenishika mukono kwa nguvu.

Bamama ya soko banasema kule Chienge iko mwanamuke wa kovu kwa kidevu, anahadisia bantu mulango ya bleu. Aendelee. Siende kumutafuta, na simuogope.

Lakini weye, jichunge. Mutu akikusimamisha mu njia, "Haunikumbuke?", usione haya. Sema, sikukumbuke. Mwambie aanze yeye. Akisema "nikumbushe", mupe mugongo, uende zako, hata kama analia.

Na jina ya mama yangu? Mutale anaijua. Weye, sikujue.