Zege Lisilopigwa Niru

Baba yangu ni fundi mwashi wa Dar es Salaam, na kwa mwashi wa kwetu, kuacha zege bila niru ni sawa na kutoka nyumbani bila suruali. Niru ni ule uji wa saruji unaopakwa juu na kusuguliwa kwa mwiko mpaka sakafu ing'ae. Mkono wake kwa niru ulijulikana mtaa mzima.

Mwaka juzi kazi zilimkauka. Mkandarasi mmoja alikuwa na uwanja wa zahanati unaojaa maji kila mvua ikinyesha, akataka utandikwe zege la matundu, lile linalopitisha maji chini. Alimwambia baba wazi: ukileta barua kwamba umejifunza, kazi yako, usipoleta, nawapa vijana. Mimi nanunua bidhaa Guangzhou, China, nimepanga chumba mtaa wa Sanyuanli, na nilikuwa namjua injinia mmoja mwenye karakana ya zege nje ya mji. Nikamwambia baba aje.

Injinia alituonyesha unga mweupe wa silika, chembe zake ndogo mno hata jicho haliwezi kuzitenga. "Nano," alisema. Zege la matundu halitiwi mchanga. Ni kokoto tupu zilizoshikana kwa saruji, ndiyo maana humomonyoka upesi. Unga ule unajipenyeza ndani ya saruji na kuikaza, kokoto zikashikana barabara na matundu yakabaki wazi. Mimi natafsiri, baba anaitikia kwa kichwa. Akachanganya, akamwaga, akashindilia kwa rola. Injinia akamsifu, kisha akaenda kula na kujinyoosha kidogo, maana huku mchana watu hulala. Nami nikatoka kupokea simu ya mzigo wangu. Niliporudi, baba alikuwa ameshalifunika zege kwa plastiki likomae.

Tulipofunua plastiki baada ya wiki moja, lahaula! Bamba linang'aa kama sinia la harusi. Injinia akamwaga ndoo ya maji. Yakatulia juu, hata tone halikupenya. "Bu xing," akasema, neno ambalo kila mfanyabiashara wa Kiafrika mtaani Xiaobei ameshaambiwa: haifai.

Nilichemka, tena mbele ya watu. "Baba, nimekuleta huku kote uje unitie aibu? Nani kakutuma upige niru?"

"Mwanangu, lilikuwa uchi," alisema taratibu. "Nimeshindwa kuliacha vile."

Mpaka leo naona haya nikikumbuka sauti niliyomtolea. Nikambembeleza injinia kwa Kichina changu cha sokoni atupe nafasi moja tu. Akakubali, ila akasema hiyo ndiyo ya mwisho.

Safari hii baba alinikabidhi mwiko mwenyewe. Alipomaliza kushindilia alifunga mikono nyuma, akasimama analitazama zege lile la chengachenga, midomo inamcheza. Jamani, nilimhurumia! Nilitamani nimrudishie mwiko wake, lakini sikumrudishia.

Wiki iliyofuata ndoo nzima ya maji ilipotelea ndani ya bamba kabla injinia hajaiweka chini. Akacheka kwa furaha, akaandika barua papo hapo. Nikamkumbatia baba, nikatoa simu nimpige picha kando ya kazi yake.

Akasogea pembeni.

"Barua mpelekee mkandarasi," alisema. "Hiyo picha, mama yako asiione."